Kiwanda Kilichoondolewa Mizigo

Jumatatu hiyo Gesare Nyabuto alifika kwenye lango la kiwanda saa mbili kasorobo asubuhi. Nyuma yake ilikuja pikapu ya kukodi yenye mikungu thelathini na sita ya ndizi. Mpakuaji wa zamu aliushika mkungu wa kwanza, akauinua hadi ukingo wa ghala kama alivyozoea, nao ukagonga ukuta. Akatazama chini. Kati ya msingi na ardhi palikuwa na mwanya wa vidole vinne, na kuku mmoja alikuwa ameshaingiza kichwa humo akitafuta wadudu. Mpakuaji akaupandisha mkungu kidogo, akauweka ndani, akaenda kuchukua wa pili. Kufikia saa nne fundi alikuwa ameleta ubao wa kukanyagia, na kazi ikaendelea.

Gesare hakushangaa. Alikuwa ameuza ndizi pale Keumbu kwa miaka ishirini na sita, na alijua vizuri kwamba kitu kisichobebeshwa chochote hakina la kukizuia ardhini.

Yeye mwenyewe alikuwa na hali iliyo kinyume na hiyo. Kila asubuhi karani wa ushuru, Onyiego, alipita sokoni na mashine yake ya risiti, na kila risiti ilimwongezea Gesare uzito kidogo, kama punje ya mtama. Hakuwa mnene. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na minne, mwenye viwiko vilivyochongoka, na gauni alilofungia ndoa bado lilimtosha. Lakini mwaka wa tano wa biashara yake benchi la kanisa la Waadventista kule Birongo lilipasuka chini yake, na wazee wakaleta la chuma. Mwaka wa kumi na mbili waendesha bodaboda waliacha kumbeba kwa sababu tairi zilikuwa zikipasuka, naye akazoea kutembea kutoka Birongo hadi Keumbu kwa miguu. Mvua ikinyesha, nyayo zake zilijaa maji na bata wa watu wakanywa humo. Siku moja kwenye zahanati muuguzi alimpandisha kwenye mizani. Mshale ulizunguka mara kadhaa, ukarudi palepale ulipoanzia. Muuguzi akaandika kwenye kadi neno "mzito," akampa dawa za malaria.

Wanawake wote wa soko walikuwa hivyo, kila mmoja kwa kadiri ya miaka yake. Mama mzazi wa Gesare, aliyeuza wimbi hapo tangu enzi za risiti za kuandikwa kwa mkono, alipofariki ilibidi trekta ikodiwe ili afike kaburini. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Waliomboleza, wakala, wakarudi kazini.

Kiwanda kilikuwa kimekuja miaka minne kabla ya Jumatatu ile. Aliyekileta ni Bwana Ratemo, afisa wa uwekezaji wa kaunti, mtu mpole mwenye miwani aliyezoea kuinamisha kichwa anapozungumza na wakubwa wake kwa umri. Alisimama sokoni na kipaza sauti, akawasomea watu mkataba. Kampuni hiyo ya kutengeneza krispi na unga wa ndizi haingelipa kodi ya ardhi kwa miaka kumi. Haingelipa leseni. Haingelipa ushuru wa mazao wala bili ya maji. Miji mingine mitatu ilikuwa inaitaka kampuni hiyohiyo, akasema, na mwenye kusitasita hupitwa.

"Tumekiondolea kiwanda kila mzigo," alisema, na watu wakapiga makofi.

Gesare naye alipiga, na aliyapiga kwa moyo wote. Bintiye Cynthia alikuwa na cheti cha teknolojia ya vyakula, na kwa miaka mitatu cheti hicho kilikuwa kimekaa kabatini huku mwenyewe akipalilia chai ya mjomba wake. Ndizi nazo zilikuwa zikiiva kwa wingi hadi zinalishwa ng'ombe. Kwa hiyo kampuni ilipoomba uwanja tambarare ambapo soko lilikuwa, wanawake walihamia kwenye mteremko ulio chini ya barabara bila ugomvi mkubwa. Huko, mvua ilipokuja, vitunguu vilibingirika hadi mtoni na wenyewe wakavifuata. Cynthia alipata kazi kwa kandarasi ya miezi mitatu. Ilipokwisha alipewa nyingine ya miezi mitatu, na baada ya hiyo nyingine tena.

Basi baada ya Jumatatu ile, kufikia mwezi wa nne, kiwanda kilikuwa kimepanda hadi usawa wa magoti. Mwezi wa sita mtu mzima aliweza kupita chini yake na mwavuli wazi. Shimo lililoachwa na msingi lilijaa maji ya mvua za masika, na vyura wakahamia humo, kisha bata. Siku za kazi kiwanda kilitulia kidogo, kwa kuwa wafanyakazi walikatwa kodi kwenye mishahara yao na hivyo walikuwa na uzito wa kadiri. Lakini Jumamosi, watu wakiwa wamekwenda kuabudu Sabato, kilipanda hadi kikaonekana kutoka mjini Kisii, mabati yake yaking'aa juu ya migomba. Wahubiri hawakukitaja. Kilikuwa kiwanda tu, na kilikuwa juu.

Meneja alikuwa kijana aitwaye Ian Bosire, mzaliwa wa Nairobi ambaye babu zake walitoka Nyacheki. Alijenga ngazi ya chuma kwa ajili ya wafanyakazi na akafunga winchi ya kupandishia ndizi. Alikifunga kwa kamba nne za waya, akaziunganisha na nguzo za zege ardhini. Kisha akabandika tangazo langoni kwamba gharama ya kuinua itakatwa kwenye bei ya kila mkungu.

Gesare alimwendea kumuuliza ni kwa nini mwenye ndizi alipie kuinuliwa kwa kiwanda ambacho hakukiinua yeye. Meneja alimjibu kwa heshima, akimwita mama. Alisema kwamba kampuni nayo haikukiinua, na kwamba makao makuu yalikuwa yamelitafakari suala hilo kwa uchungu. Gesare alishukuru kwa kusikilizwa, akashuka. Ndizi zake za wiki hiyo zilimpa pesa zilizotosha kununua mafuta ya taa na sukari, na hazikutosha sabuni.

Mwezi wa nane kaunti jirani ilitangaza redioni kwamba ingempa mwekezaji yeyote msamaha wa miaka kumi na mitano, na juu ya hayo barabara ya lami mpaka mlangoni. Redio ya jikoni mwa kiwanda ilikuwa wazi. Wapishi walisema baadaye kwamba kabla tangazo halijaisha, masufuria yalianza kuteleza kuelekea ukuta mmoja. Kiwanda kilikuwa kinageuza uso, taratibu, kama ng'ombe aliyenusa magadi.

Kiliendelea kuelekea huko kwa siku tisa, kamba zikiwa zimekazika. Alhamisi ya wiki ya pili, saa tisa alasiri, upepo wa kila siku kutoka upande wa ziwa ulivuma kwa nguvu kuliko kawaida. Kamba ya kwanza ilikatika kwa mlio kama wa bunduki. Ya pili na ya tatu zilikatika pamoja. Ya nne iling'oa nguzo yake, nguzo ikakatika na kubaki barabarani, na kiwanda kikaondoka.

Kilikwenda pole pole, kikiwa na watu mia moja na themanini ndani yake. Mashine za kumenyea zilikuwa bado zinanguruma. Gesare alikuwa anavuka barabara kwenda kuomba chenji alipoona kivuli kikipita juu yake. Alitazama juu, akamwona Cynthia dirishani akiwa na kofia yake nyeupe ya kazi. Mwisho wa kamba ulikuwa unaburuzwa kwenye majani ya kando ya barabara, kama mkia wa mbuzi aliyetoroka. Gesare aliweka chini kikapu chake, akaushika.

"Mama, achilia! Kitakubeba!" Cynthia alimwita.

Hakikumbeba. Gesare alijizungushia kamba kiunoni mara mbili juu ya leso, akapanua miguu, akasimama. Kamba ilikazika, ikatoa sauti nyembamba, na kiwanda kikasita. Kilivuta. Lami chini ya viatu vya Gesare ilibonyea, lakini yeye mwenyewe hakusogea hata hatua moja. Aliwahi kusema baadaye kwamba katika miaka yote ile alikuwa ameuchukia uzito wake kila alipopanda kilima cha Birongo, na kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliuona kuwa kitu chake mwenyewe, kama mtu anavyoona shamba lake.

Hakuita mtu. Orpah, aliyekuwa ameuza mboga hapo kwa miaka ishirini na mmoja, alifunika managu yake kwa gunia lenye maji, akaja akashika kamba nyuma yake. Akafuata Nyanchera wa maparachichi, na baada yake muuza viazi, na yule wa mitumba, hadi wakawa wanawake kumi na wawili. Walikivuta kiwanda kama wavutavyo ndama, kwa hatua fupi, wakihesabu kwa Ekegusii, mpaka kikarudi juu ya shimo lake. Fundi alileta kamba nyingine, wakazifunga kwenye mawe. Watu waliojaa barabarani walipiga vigelegele na waendesha bodaboda wakapiga honi mpaka wakachoka. Cynthia alishuka ngazi, akamkumbatia mama yake. Gesare akambembeleza kidogo, kisha akarudi kwenye ndizi zake, kwa kuwa mteja alikuwa anangoja.

Kesho yake Bwana Ratemo alikuja na kreti mbili za soda na leso kumi na mbili. Alizungumza nao kwa unyenyekevu. Alieleza kwamba kaunti ilikuwa inaandaa ofa ya kushindana na ile ya jirani, na kwamba mpaka itakapokuwa tayari angewaomba akina mama wakishikilie kiwanda kila siku kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, wakati wa upepo, ambao mawe pekee yasingeuweza. Wanawake walishauriana. Walikubali, kwa kuwa watoto wao walikuwa humo ndani. Ila waliomba mambo mawili: ada ya soko iondolewe, nao wajengewe paa.

Ratemo hakuwa mtu mbaya. Aliyaandika maombi yao, akaenda nayo ofisini, akarudi baada ya siku nne na ripoti ya kurasa mbili. Aliketi kwenye gunia la viazi mbele ya Gesare, akaifungua.

"Mama Cynthia, tumelipima jambo hili," alisema. "Ninyi ni wazito kwa sababu mnalipa. Tukiwasamehe mtakuwa wepesi kama wao. Hapo nani atashika kamba?"

Gesare alifikiri huku akimpangia mteja chane za ndizi. "Na wao wakilipa?"

"Wakilipa watahamia kwa jirani."

"Watahamaje, na watakuwa wazito?"

Ratemo aliangalia ukurasa wa kwanza, akaangalia wa pili. Hapakuwa na sehemu iliyogusia hilo. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasema kwamba angelipeleka swali mbele. Kuhusu paa, bajeti ya mwaka ilikuwa imekwisha kwenye kamba za waya. Aliaga kila mwanamke kwa jina lake, akapanda gari.

Wanawake waliendelea kushika kamba kila alasiri kwa wiki tatu. Wateja wa jioni, ambao ndio wengi, walikuta meza za akina mama hazina watu, wakaenda kununua kwingine. Upepo ulipotulia Onyiego alikuja na mashine yake kama kawaida, akiona aibu kidogo, na akina mama wakalipia siku ambayo hawakuuza. Gesare alihisi punje ya mtama ikishuka ndani yake. Jioni hiyo ndipo alipoamua.

Alimwambia Cynthia mezani, wakila ugali wa wimbi. Alisema kwamba Jumanne angepanda kiwandani na kukaa. Cynthia aliacha kula. Alimweleza mama yake kwamba mwisho wa mwezi kampuni ingetoa barua za kazi ya kudumu, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Alisema alikuwa na miaka ishirini na tisa na hakuwahi kumiliki barua yoyote yenye jina lake isipokuwa ya deni la chuo. Alisema mengi, na yote yalikuwa ya kweli, na Gesare aliyasikiliza yote.

"Ukikaa mle ndani, mama, watasema mimi ndiye niliyekutuma," Cynthia alimaliza.

"Waambie mimi ndiye niliyekuzaa wewe. Wewe hukunizaa."

Cynthia aliosha vyombo. Asubuhi ya Jumanne aliondoka mapema bila kumngoja mama yake, na Gesare akaelewa.

Gesare alioga, akavaa gauni lake la Sabato na viatu vyeusi, akatembea hadi Keumbu kwa mwendo wake wa siku zote. Saa tatu kamili alikanyaga ngazi ya chuma. Kulikuwa na vidato ishirini na viwili. Alipanda vinne tu, kwa kuwa vilivyobaki vilishuka vyenyewe. Kiwanda chote kilikuwa kinateremka kumlaki. Alipovuka mlango na kuweka mguu wa pili sakafuni, kilikaa ndani ya shimo lake kwa mlio wa nyati anayejilaza topeni, na maji yakaruka pande zote na kulowesha mabati. Bata walihamia kwa jirani. Gesare alipita katikati ya mashine, akawasalimu wafanyakazi mmoja mmoja, akaingia ofisini kwa meneja, akaketi kwenye kiti cha chuma cha wageni.

Ian Bosire alimwagizia chai. Alimuuliza habari za nyumbani, naye akajibiwa. Kisha Gesare akamwambia alichokuja nacho. Gharama ya kuinua isikatwe tena kwa mwenye ndizi. Barua za kazi ya kudumu zitolewe leo, na kwa wote. Na kampuni, iliyolichukua soko la zamani likiwa tambarare, ijenge jipya hapo kwenye mteremko, lenye sakafu, paa na mfereji wa maji. Alisema angengoja jibu, na hakuwa na haraka.

Meneja alipiga simu Nairobi. Alipiga tena. Maji ya shimo yalikuwa yameanza kupita chini ya milango. Saa tano yalifika vifundoni, na vyura wakawa wanaruka kwenye korido, na wamenyaji wakasimama juu ya kreti wakiendelea kumenya. Wanaume wanne wa ghala walitumwa kumwinua mama na kiti chake. Walijaribu kwa adabu, wakashindwa. Ikaletwa mashine ya kubebea mizigo. Vyuma vyake viwili viliingia chini ya kiti, vikapinda kama mikunde iliyochemshwa, na mwendeshaji, mtu mzima wa Nyacheki, akazima injini na kumwomba Gesare msamaha.

"Nawe unatafuta tu riziki," Gesare alimwambia.

Saa saba meneja alirudi akiwa amekunja suruali hadi magotini. Alionekana mdogo kuliko umri wake. Aliketi juu ya meza, miguu yake ikining'inia juu ya maji.

"Mama, kampuni yetu haikuja hapa kukaa chini," alisema.

"Sisi tumekaa chini miaka ishirini na sita," Gesare alisema. "Utazoea."

Saa nane ujumbe wa kaunti jirani ulifika kwa magari mawili. Walikuwa wamekuja na kalamu ya kutia sahihi ndani ya kijisanduku. Walisimama ukingoni mwa shimo wakikitazama kiwanda kilichokaa majini, wakauliza kilichotokea, wakaelezwa. Mkubwa wao alitaka kujua kama sokoni kwao pia kulikuwa na wanawake wa namna hiyo. Msaidizi wake alimjibu kwamba walikuwepo, na wengine walikuwa wazito kumzidi huyu. Wakanong'onezana kwa muda, wakarudisha kijisanduku ndani ya gari, wakaondoka.

Maji yalikuwa yamebakiza upana wa kiganja kufikia mota za mashine za kukatia. Hapo yalisimama. Uzito wa Gesare ulikuwa umefika mwisho wa kazi yake, na yeye aliliona hilo, na meneja akaliona. Kwa nusu saa nzima walikaa hivyo, wakitazama mstari wa maji kwenye ukuta. Ian Bosire alianza kupata rangi usoni. Alisema, bila ubaya, kwamba labda wangeweza kulijadili tena mwakani.

Mlango ukafunguliwa. Cynthia aliingia akiwa amevaa gambuti, ameshika vikombe viwili vya chai vilivyofunikwa kwa sahani. Alimpa mama yake kimoja. Akavua kofia yake nyeupe, akaiweka juu ya meza ya meneja mahali pakavu, akavuta kiti kingine cha chuma, akaketi karibu na mama yake. Hakuwa na uzito mwingi. Alikuwa amekatwa kodi kwa miaka mitatu na kitu tu. Lakini kiwanda kilishuka upana wa kidole, na wote watatu wakakihisi.

Gesare alisogeza kikombe kwenye mkono wa kushoto, akaushika mkono wa binti yake kwa wa kulia, na ndani ya kifua chake palitokea wepesi ambao hakuwahi kuujua tangu alipoanza biashara. Wepesi huo haukupunguza kilo hata moja.

Mwendeshaji wa Nyacheki alichungulia, akawaona, akaingia, akaegemea ukuta. Wamenyaji walishuka kwenye kreti zao, wakaja. Nje, Orpah na Nyanchera walikuwa wamesikia, na sasa walikuwa wanakuja juu ya mbao, wakiwa wamepandisha magauni, na wenzao nyuma yao. Walipoingia wote, maji yalivuka mstari na mota ya kwanza ikanyamaza.

Meneja alitia sahihi saa tisa na dakika kumi, kwa kalamu ya Cynthia. Barua mia moja na themanini zilipigwa muhuri kabla ya saa kumi, na muhuri ulipokosa wino walitumia maji ya maganda ya ndizi, ambayo, kama kila aliyedondokewa nayo anavyojua, hayatoki nguoni milele.

Gesare aliposhuka, kiwanda kilipanda nyuma yake kikimwaga maji, samaki wadogo na vyura. Sokoni waliimba mpaka giza likaingia. Mchungaji alipita, akasimama, akaimba sauti ya nne.

Kampuni ilitimiza ahadi. Kufikia mwezi wa kumi na mbili mteremko ulikuwa umekatwa ngazi pana tatu, zenye sakafu ya zege nene iliyopimwa mahsusi kwa miguu ya wanawake hao, na paa jekundu, na mifereji mitatu. Mvua kubwa ya kwanza ilipiga paa hilo siku nzima na hakuna kitunguu kilichofika mtoni. Bei ya ndizi ilikuwa kamili. Cynthia alifanywa msimamizi wa zamu, akaitundika barua yake ukutani kule Birongo, juu ya picha ya marehemu bibi yake, na majirani wakaja kuisoma.

Siku ya uzinduzi watu walitoka mpaka Nyamira. Ilikuwa siku ya wazi, na upepo ulianza mapema, hivyo akina mama kumi na wawili walihudhuria sherehe wakiwa wameshika kamba. Bwana Ratemo alipewa kipaza sauti. Alilisifu soko na kuwasifu waliolipigania, na sauti yake ilitetemeka, kwa kuwa alikuwa amefurahi kwa dhati. Kisha akasoma taarifa ya kaunti. Kwa sababu ya ushindani, msamaha wa kampuni ulikuwa umeongezwa kutoka miaka kumi hadi ishirini. Aidha, wataalamu walikuwa wamegundua mchango mkubwa wa uzito wa akina mama katika kudumisha uwekezaji, na kwa hiyo, kuanzia Januari, ada ya soko ingepanda kidogo.

Watu walipiga makofi kama wapigavyo siku zote kwenye sherehe. Kiwanda nacho kilipanda hatua mbili hewani. Onyiego alianza kupita kwenye meza mpya na mashine yake.

Gesare alitazama paa jekundu. Alimtazama binti yake aliyekuwa akicheka na wamenyaji dirishani, kule juu. Alijua hesabu ya jambo hilo ilikaaje, na alijua kwamba swali lake, ambalo lingehitaji ukurasa wa tatu wa ripoti ile, lilikuwa bado halijajibiwa na ofisi yoyote. Angeliuliza tena Jumatatu. Ngazi ya chuma ilikuwa palepale, na sasa kila mtu wa Keumbu, pamoja na meneja, alijua ilikuwa inaelekea wapi.

Orpah ndiye aliyeanzisha wimbo. Nyanchera akampokea. Wakamzunguka Gesare, na kabla hajajua wanataka nini, mikono ilikuwa chini ya mapaja yake na nyuma ya mgongo wake. Tangu akiwa mtoto hakuna aliyekuwa amemwinua kutoka ardhini, na alitaka kuwaambia wasijiumize. Lakini hawa walikuwa wanawake waliolipa ushuru miaka ishirini na mmoja, na kumi na tisa, na thelathini. Walihesabu moja, mbili kwa Ekegusii, na kwenye tatu wakamwinua hadi mabegani, na barabara ikatetemeka mpaka kwenye maduka ya ng'ambo chupa zikagongana rafuni.

Waliteremka naye katikati ya watu wakiimba, wanawake kumi na mmoja, kwa mkono mmoja wakimbeba Gesare, na kwa mkono mwingine wakishika kamba. Juu yao kiwanda kiliwafuata kokote walikokwenda.